Kisanduku cha Baba Mkwe

Mzee Jaafar aliingia kibandani na kapasita moja imefungwa kwenye leso nyeupe. Aliiweka juu ya meza ya Swabir, akaifungua leso pembe moja moja, kisha akarudi nyuma hatua moja ili watu waone. Watu wenyewe walikuwa wawili tu: Chome mpiga besi, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua feni yake. Mteja wa feni alikiangalia kile kidude cha kahawia, kinene kama kipisi cha sigara, chenye waya huku na waya huku, akasema mashaallah. Hakujua anasifu nini. Pwani hilo halimzuii mtu.

“Karatasi na mafuta,” alisema Mzee Jaafar. “Imetoka kwenye redio ya meli. Wazee wa Ulaya walizikunja hizi kwa mkono. Itie, mwanangu, utasikia amplifaya inavyofunguka.”

“Shikamoo baba,” alisema Swabir, kwa kuwa mzee alikuwa ametanguliza kapasita kabla ya salamu.

“Marahaba. Itie.”

Swabir alikuwa fundi wa redio, feni na chochote chenye waya, na kibanda chake kilikuwa Msambweni, mkabala na muuza mihogo ya kukaanga. Lakini kwa miezi kumi na minne moyo wake haukuwa kwenye feni. Alikuwa akiunda amplifaya ya gitaa kwa mikono yake, si kwa vipande vya kisasa vinavyouzwa kwa kilo, bali kwa valvu, vile vioo vya redio za zamani vinavyowaka wekundu ndani na kumbabua asiyejua. Kasha alilichonga kwa mwarobaini. Transfoma aliisokota mwenyewe, waya juu ya waya, akihesabu mizunguko mpaka Mwanarusi mkewe akamkataza kuhesabu usingizini. Na siku alipoiwasha mara ya kwanza, Chome akagusa uzi mmoja tu wa gitaa, sauti ikatoka nene, tamu, yenye ukwaruzo kidogo mwishoni. Swabir aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia. Ilikuwa ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia kichwani tangu utotoni, na hakuwahi kuwa na uhakika kama ipo duniani.

Sasa, ndani ya amplifaya kama hiyo mna kapasita dazeni hivi, na kazi ya ile iliyo muhimu si siri. Inakaa mlangoni baina ya valvu na valvu, inaupitisha wimbo na kuuzuia umeme mkali usiufuate. Ikiwa kubwa, inapitisha mpaka besi. Ikiwa ndogo, besi hubaki nje ukapita wembamba wa sauti peke yake. Nyingine hutiwa kwenye kitufe cha sauti, nayo kazi yake ni kuupenyeza ukali kwa mlango wa nyuma. Ukubwa wake umeandikwa ubavuni kwa namba tatu, ya mwisho ikihesabu sifuri. Swabir alikuwa ametia mlangoni ile ya 223, inayouzwa Ukunda kwa bei ya chapati mbili. Alikuwa amejaribu za njano, za bluu na za kahawia, zenye majina makubwa na zisizo na jina, na maadamu namba ni ileile na kapasita ni nzima, hakupata tofauti ya kumtoa mtu kitandani.

Kumwambia Mzee Jaafar hivyo ilikuwa ni kumwambia muuza manukato kwamba maji ya bomba yanatosha.

Mzee Jaafar wa Munje alikuwa amepiga gitaa kwenye hoteli za Diani kwa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo matoazi ya mpiga ngoma yalikuwa shubiri mbili kutoka sikio lake la kushoto. Watu walimwita Sikio la Kusini. Alipostaafu alinunuliwa simu, na ndani ya simu akagundua kwamba duniani kuna wanaume wazima wanaogombana mchana kutwa juu ya kapasita. Alifurahi kama aliyepata ndugu waliopotea. Akaunda kikundi cha WhatsApp, Toni Safi Kusini, watu thelathini na wanane kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, nusu yao hawana gitaa. Kila asubuhi baada ya chai aliwatumia hotuba ya sauti: hii ina joto, hii ina vumbi, hii yasikika kama imelala na njaa. Na kila asubuhi wote wakajibu kwa zamu, mashaallah mwalimu.

Siku moja aliwatangazia kwamba nyenje wamehama Munje. Usiku kimya kabisa, alisema, haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi tunayoambiwa. Wanakikundi wakasikitika. Mmoja, Kalama wa Lunga Lunga, alituma sauti kuthibitisha kwamba hata kwao hawapo tena, na nyuma ya maneno yake nyenje walikuwa wakilia mpaka mtu asikie kwa taabu anachosema.

Juu ya yote hayo, Mzee Jaafar alikuwa baba yake Mwanarusi. Hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Baba mkwe akikalia kofia yako, unasubiri ainuke, na akiinuka unamshukuru kwa kuipasha moto.

Basi Swabir aliichukua kapasita ya meli. Wakati mzee anaagiza kahawa, aliipima kwa mita, na mita ikasema kilichotarajiwa: kapasita ilikuwa na umri wa kustaafu na ilikuwa ikivuja umeme. Akiitia mlangoni, itaiunguza valvu inayofuata kabla ya kahawa kupoa. Akafikiri kidogo. Kisha akaichomelea pembeni, miguu yote miwili kwenye waya mmoja, mahali ambapo ingekaa kwa heshima zote bila kufanya kazi yoyote, kama mgeni rasmi. Ile ya 223 akaiacha pale pale ilipokuwa.

Mzee akachukua gitaa akapiga kodi moja, nyuzi kadhaa kwa mpigo mmoja. Akafumba macho.

“Joto!” alisema. “Chome, umelisikia joto?”

“Nimelisikia, mwalimu,” alisema Chome. “Limenifika mpaka kwenye besi.”

Besi yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijachomekwa popote.

“Lakini,” mzee akasema, na uso wake ukakunjana, “bado kuna blanketi. Juu kumefunikwa. Mwanangu, hii amplifaya yako yajifunika.”

“Ee, yajifunika,” Chome akasema.

Swabir alihisi kuchomwa. Angekubali kutukanwa yeye mwenyewe, maana amezoea wateja. Lakini sauti ile! Na Jumamosi ya wiki iliyokuwa ikija, baada ya alasiri, amplifaya ilikuwa ipelekwe kwenye hoteli moja ya Diani, mbele ya Japheth, mkuu wa muziki pale, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kuziundia bendi zake amplifaya zenye sauti ya zamani. Akiipenda angeagiza nne. Kwa Swabir hizo nne hazikuwa jambo kubwa kuliko hili: kwamba kwa mara ya kwanza watu wasio jamaa zake wangeisikia ile sauti na kusema ipo au haipo. Na mwaliko huo aliuleta nani? Mzee Jaafar. Na nani angelipiga gitaa siku hiyo? Msisumbuke kubahatisha.

Ndiyo maana akaanza kutii. Mzee alitaka blanketi liondoke, Swabir akatia kapasita kwenye kitufe cha sauti ili ukali upenye. Bado blanketi. Akaitoa ya 223 mlangoni akatia ya 222, ndogo mara kumi, besi ikafa. Bado blanketi, ila sasa ni shuka. Siku ya tatu muuza mihogo alihamisha jiko lake upande wa pili wa barabara, akasema ni kwa ajili ya kivuli. Kivuli kilikuwa upande aliouacha. Kila mpita njia aliyeulizwa na mzee alisimama, akakaza meno, akasema mashaallah, sasa ndiyo yenyewe. Swabir aliwachukia wote, na alijichukia mwenyewe zaidi, kwa sababu kila jioni naye alikuwa akisema, “Naam baba, imekaa vizuri.”

Siku ya nne mambo yakajisema yenyewe. Katika kuhangaika na waya, Swabir aliupitisha mmoja karibu mno na mwingine, na alipoiwasha amplifaya ikaanza kupiga mbinja. Mbinja nyembamba, kali, isiyokoma. Chome aliziba masikio kwa viganja. Mwanamke aliyekuwa akinunua betri alikimbia na betri bila kungoja chenji yake. Paka wa kibandani hakuonekana tena mpaka Ijumaa.

Mzee Jaafar alikuwa ameinamia gitaa lake, akikaza uzi taratibu, uso umetulia kama wa mtu aliye peke yake bustanini. Kisha akainua kichwa.

“Mbona mwakunja nyuso?” aliuliza. “Kuna anayeumwa?”

Swabir aliizima. Alimtazama Chome, na Chome akaangalia juu kwenye mabati. Hapo Swabir akajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mkwewe hasikii tena wembamba wowote wa juu, na kwamba Chome alikuwa akilijua hilo siku nyingi.

Jioni hiyo alikwenda Munje na mkewe kwa mama mkwe, Bi Hafsa. Mzee alikuwa msikitini. Swabir alizunguka maneno kama mtu anayetafuta mlango gizani: kwamba huenda baba amechoka, kwamba masikio nayo ni viungo kama viungo vingine.

“Hasikii,” alisema Bi Hafsa. Alikuwa na sauti nyembamba kama ya kinanda cha mtoto. “Mimi huyu simfikii tangu mwaka juzi. Nikimwita hageuki. Barazani awaambia wenzake, Hafsa amekuwa mpole siku hizi.”

“Mbona hukumwambia, mama?” aliuliza Mwanarusi.

“Nimwambie nini? Kwamba si mpole? Mwenyewe afurahi. Na mimi nasema ninalotaka ndani ya nyumba yangu, sipati jibu. Tuko salama.”

“Basi tumwambie sasa,” alisema Swabir. “Kuna hospitali, kuna vifaa vya kutia sikioni. Mwanarusi, wewe ni bintiye.”

“Mimi nimwambie Sikio la Kusini kuwa ni kiziwi?” Mwanarusi alishika kifua. “Wewe ndiye fundi. Mambo ya sauti ni yako.”

“Mimi ni mkwe!”

“Haswa,” alisema Bi Hafsa. “Mkwe hasemi neno kama hilo. Ni aibu kubwa.”

Wakaketi wote watatu wakakubaliana kwamba lazima mtu amwambie, na kwamba mtu huyo hayupo pale. Kisha Bi Hafsa akaleta mahamri.

Kwa hiyo Swabir alifanya kile afanyacho mtu mwenye adabu akishindwa kusema ukweli: aliunda kifaa cha kumwezesha kila mtu kuendelea kusema uongo. Kwanza aliirudisha amplifaya yake kama ilivyokuwa, 223 mlangoni, kitufe bila ukali wa kuazima. Alipoiwasha na kuisikia tena alishusha pumzi kwa furaha. Kisha, kwa vipande vya redio mbili mbovu, akatengeneza kisanduku kidogo chenye valvu moja na spika ya upana wa kisahani. Humo alitia kila ukali aliowahi kuombwa. Aliweka mlango mwembamba kabisa wa kapasita, na kwenye kitufe akapanga mbili badala ya moja. Ile kapasita ya meli akaihamishia humo nayo, miguu yote miwili kwenye waya mmoja. Gitaa lingeingia kwenye masanduku yote mawili. Kubwa lingewatazama watu. Dogo lingekaa kando ya kiti cha mzee, mdomo juu, likielekea sikio lake peke yake.

“Kisanduku hiki ni cha nini?” mzee aliuliza.

“Ni chako baba, cha kujisikilizia ukiwa jukwaani. Kapasita yako ya meli nimeitia humu, iwe karibu nawe.”

Mzee alipiga kodi, kisha nyingine. Uso wake ulifunguka, na kwa mara ya kwanza Swabir aliona jinsi alivyokuwa amesononeka wiki nzima. “Hii,” alisema polepole. “Hii ndiyo sauti ya gitaa. Mwanangu, nilidhani imepotea.” Macho yalimlenga machozi. Swabir akageuka kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake, maana aliona vibaya, vibaya sana, na hakujua afanye nini na kuona huko.

Jumamosi ukumbi wa hoteli ulikuwa wazi pande tatu, makuti juu, viti hamsini. Nusu ya Toni Safi Kusini walikuwepo, wamevaa kanzu na miwani ya jua. Kalama wa Lunga Lunga alikuwa amekuja na mkewe. Japheth, kijana wa bara mwenye kofia ya nyuzi na simu mbili, alikaa mstari wa mbele, mguu mmoja juu ya mwingine.

Mzee Jaafar aliketi. Kisanduku kilikuwa kando ya kiti chake, na Chome, aliyejua kilichomo, alisogea hatua tatu zaidi ya ilivyohitajika na besi yake. Mzee akaanza.

Na alipiga! Lazima lisemwe hili bila mzaha. Vidole vyake vilikuwa vimefika pale ambapo havina haraka na mtu. Alipiga nyimbo za zamani za ukumbini zilizokuwa zikichezwa vibaya na watalii, na kumbe ndani yake mlikuwa na muziki siku zote hizo. Sauti ilitoka kwenye sanduku la mwarobaini nene na tamu, ikawapitia watu, wahudumu wakasimama na sinia mkononi. Swabir alisimama nyuma ya nguzo. Ilikuwepo. Sauti ilikuwepo duniani, na watu hamsini walikuwa mashahidi.

Makofi yalipopungua Japheth alipanda jukwaani.

“Mzee wangu, heshima! Hii amp ni moto, mazee. Hii ndiyo nimekuwa nikitafuta. Naomba nikae hapo kidogo niisikie kwa mikono yangu.”

Mzee alimpa gitaa kwa ukarimu, akampisha kiti. Swabir aliona hatari ikija akaanza kutoka nyuma ya nguzo, lakini mtu hawezi kukimbia kwenye shughuli ya watu bila kuulizwa kuna nini. Japheth aliketi, akavuta uzi wa juu kwa nguvu za ujana.

Kisanduku kilimpiga sikioni. Aliruka kitini, mkono mmoja kwenye sikio, mwingine umeng’ang’ania gitaa.

“Wueh! Hii ndogo ni ya nini? Inaua masikio!”

Wanakikundi walianza kusoma simu zao.

“Hiyo ndogo,” alisema Mzee Jaafar kwa upole wa mwalimu, “ndiyo toni. Ina kapasita ya karatasi na mafuta. Ile kubwa, baina yangu na wewe, bado ina blanketi kidogo. Mkwe wangu ataiondoa.”

“Ataiondoa?” Japheth alimtazama, akaitazama ile kubwa. “Mzee, hiyo kubwa isiguswe! Hii ndogo hata nyoka wanaweza kuhama hoteli. Fundi yuko wapi? Fundi! Si ni wewe umeunda hizi vitu? Kuja hapa uniambie. Nikiagiza nne, zitalia kama gani? Kama hii ama kama ile?”

Swabir alipanda. Hatua zilikuwa nne tu.

“Mwambie, mwanangu,” alisema Mzee Jaafar. Alikuwa akitabasamu. Hakuwa na shaka hata chembe.

“Zote mbili mashaallah,” alisema Chome haraka kutoka kwenye kona yake.

“Sijakuuliza wewe,” alisema Japheth. “Fundi. Gani iko sawa? Kama hujui, mimi siagizi kwa mtu hajui kazi yake.”

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, laini, limezoea njia: asemavyo baba. Maneno mawili tu. Swabir aliyahisi kwenye ulimi, na aliijua gharama yake. Zingeundwa nne za kupiga mbinja, au isiundwe hata moja, na lile sanduku la mwarobaini lingerudi kibandani kuwekewa feni juu yake. Akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa mwisho wa ukumbi na mama yake. Mwanarusi alikuwa ameuma upindo wa mtandio.

“Sauti ya amplifaya ni hii kubwa,” alisema Swabir. “Nne zitalia kama hii. Kapasita zake ni za Ukunda, za kawaida, na haina blanketi.”

Tabasamu la mzee lilibaki usoni, ila lilikuwa halijui tena limekuja kufanya nini.

“Na hii ndogo?” aliuliza.

“Hiyo ndogo nilikutengenezea wewe, baba.”

“Mimi? Kwa nini mimi?”

Swabir aliona haya mpaka masikio yakamwaka, lakini alikuwa ameshavuka.

“Kwa sababu wembamba wa juu haukufikii, baba. Siku ile kibandani amplifaya ilipiga mbinja, sote tukaziba masikio. Wewe ukatuuliza nani anaumwa.”

Japheth aliangalia viatu vyake. Kijana wa bara alikuwa amejifunza adabu kwa muda wa nusu dakika, wakati ambapo haikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. “Nne basi, fundi,” alisema kwa sauti ya chini, akamrudishia mzee gitaa kwa mikono miwili, akashuka.

Mzee Jaafar alikaa. Alikaa kama mtu anayekagua kwanza kama kiti kipo.

“Chome,” aliita. “Wewe ulijua?”

“Mashaallah, mwalimu,” Chome alianza, kisha akakosa pa kuyapeleka maneno.

“Tangu lini?”

“Tangu… ile harusi ya Vanga. Mwaka juzi.”

“Na asubuhi zote hizo, kwenye simu? Joto limekufika mpaka kwenye besi?”

Mzee aligeuza shingo akawatazama wanakikundi wake, miwani kwa miwani. Hakuna aliyeinua uso. Kalama wa Lunga Lunga alikuwa amegundua uzi kwenye kanzu yake na alikuwa akiushughulikia kwa bidii.

“Na nyenje?” mzee aliuliza. Aliuliza polepole, kama asiyetaka jibu. “Munje?”

“Wapo baba,” alisema Swabir. “Wapo tele. Walia usiku kucha.”

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Alikitazama kisanduku miguuni pake, spika yake ndogo imemwelekea. Aliinama akakizima mwenyewe, na taa ya valvu ikaenda ikififia. Kisha akakumbatia gitaa na kugusa uzi mmoja, kwa lile sanduku kubwa peke yake. Ile sauti nene, tamu, ikaenda mpaka mwisho wa ukumbi. Mzee alitega sikio, akainamisha kichwa upande huu na upande huu.

“Na kupiga kwangu?” alisema. “Nyote mwaniambia napiga kama zamani. Mwaniambia kila siku. Hilo nalo ni lipi?”

Kila mmoja alikuwa na sifa tayari, na kila mmoja aliiangalia akaona haifai kutolewa.

Swabir alipiga magoti mbele ya kiti ili mzee aone midomo yake vizuri. Alitamani awe na neno jingine, neno ambalo hajawahi kulitumia kibandani, kwenye kapasita ya meli wala kwenye shuka na blanketi. Akatafuta, hakulipata.

“Wapiga vizuri baba,” alisema. “Wallahi wapiga vizuri kuliko zamani. Kabla ya leo sijasikia mtu akipiga hivi maishani mwangu.”

Ilikuwa kweli, kila herufi. Mzee Jaafar alimtazama jinsi mtu anavyomtazama muuza samaki anayeapa kwamba samaki wake ni wa leo. Alichomoa waya wa gitaa, akauzungusha mkononi taratibu, akainuka.

“Mashaallah,” alisema.